Mbabula gani ya kubeba ukienda Idjwi?

Wandugu, wengine wenu mutavuka ziwa kwenda Idjwi kwa utafiti, mulale siku kadhaa vijijini. Jiko ndilo linafikiriwa mwisho, wakati mfuko umekwisha kujaa.

Wengi wanapima uzito wa jiko tu. Pima jiko pamoja na kile litakachochoma siku zote. Kajiko ka gazi ni kepesi na chai inachemka mbio, lakini chupa ikiisha uko mlimani, umebaki na chuma tu. Makala utayapata karibu kila kijiji. Basi mbabula ya bati inamtosha anayetembea na miguu. Ile yenye udongo ndani inakula makala kidogo, ila ni nzito, na ikianguka udongo unapasuka. Hiyo ni ya kundi linalokaa pahali pamoja.

Tena, Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari. Hapo maji yanachemka kwenye digrii 95, si 100, ndiyo maana maharagi inachelewa kuiva. Uiloweke usiku, ama beba unga na sambaza kavu.

Sasa baridi ya usiku. Musiingize mbabula ndani ya hema wala chumba kilichofungwa, hata kama makala ni mekundu na hakuna moshi. Hapo ndipo watu wanadanganyika: yanatoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu, na mtu analala mzima asiamke. Kichwa kikianza kuuma, tokeni wote nje kwanza.