Fundi, Mkandarasi na Kibali: Nafuu ya Kweli Iko Wapi?

Anayejenga Dar es Salaam au mji mwingine wa Tanzania huanza na maswali mawili: kazi nimpe nani, na kibali cha ujenzi nikifuatilie sasa au baadaye? Wengi huyajibu kila moja kivyake, na hapo ndipo fedha inapopotea. Mkataba na kibali vinategemeana.

Njia tatu za kutoa kazi

Fundi wa makubaliano ya mdomo. Bei yake ni ya chini kuliko zote na kesho yake yuko saiti. Vifaa unanunua mwenyewe, yeye anatoza ufundi tu. Lakini hakuna kilichoandikwa kuhusu ubora. Chukua nondo: ukiwekewa za milimita 10 mahali pa milimita 12, nguzo imepoteza karibu theluthi ya chuma chake, na zege likishamwagwa huwezi kuliona kosa hilo tena.

Fundi wa mkataba wa maandishi. Vifaa bado ni vyako, ila malipo yanafuata hatua. Tuseme ufundi wa kuanzia msingi hadi kupaua ni shilingi milioni 6. Toa asilimia 20 ya kuanzia, 25 msingi ukikamilika, 25 kuta zikifika linta na 20 paa likiezekwa. Asilimia 10 iliyobaki, yaani shilingi 600,000, ishikilie kwa miezi sita ili nyufa na uvujaji virekebishwe. Kwa nyumba ndogo isiyo ya ghorofa, yenye michoro ya mtaalamu, njia hii inalinda mfuko vizuri.

Mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, yaani CRB. Bei yake huwa juu kwa sababu imebeba usimamizi, kodi na faida. Unachonunua ni mchanganuo wa gharama wa kila kazi na mtu anayeweza kuwajibishwa. Kwa ghorofa, usibane fedha hapa. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Ghorofa zake zilikuwa zimezidi zile zilizoidhinishwa.

Kibali: unalipa nini, unakwepa nini

Gharama ya kibali unaijua mapema: michoro, ada ya halmashauri na muda wa kusubiri. Gharama ya kutokuwa nacho haina kikomo. Huanza na notisi ya kusimamisha kazi. Saruji inaganda stoo, mchanga unasombwa na mvua, fundi anahamia saiti nyingine. Kisha ukuta unapigwa X nyekundu, na kubomoa kunaweza kuwa kwa gharama zako. Hata ukisalimika, utasumbuka siku unayotaka kuuza nyumba au kuiwekea dhamana benki.

Hasara nyingine haionekani haraka. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ambayo lengo lake limekatazwa na sheria ni batili. Fundi akitoweka na malipo ya kuanzia, nawe ulimwajiri ajenge bila kibali, unakwenda kudai haki ukiwa umeshika karatasi dhaifu. Umeokoa ada, umepoteza ulinzi wa mkataba mzima.

Yasikose kwenye mkataba

Andika namba ya kibali na uambatishe michoro iliyogongwa muhuri. Taja unene wa nondo, uwiano wa zege na idadi ya tofali kwa kila mfuko wa saruji. Weka tarehe ya kumaliza na makato ya kila wiki ya kuchelewa. Taja pia nani atamwita mkaguzi wa halmashauri kabla msingi haujafukiwa. Mabadiliko yoyote ya ramani yarudi kwanza halmashauri, hata kama ni chumba kimoja tu kinachoongezwa.

Kifungu cha kwanza kiwe hiki: kazi haianzi, na malipo ya kwanza hayatoki, mpaka kibali kiwe mkononi. Fundi mwaminifu hatakikataa, kwa maana kinamlinda naye. Bajeti ikigoma, punguza chumba kimoja kwenye ramani kabla hujaipeleka halmashauri. Chumba utakiombea kibali baadaye ukijaliwa. Nyumba iliyobomolewa utaijenga upya kwa kutoa tena fedha uliyokwisha kuitumia.