Macho ya Watoto Wachanga

Mtoto mchanga hawezi kusema kwamba haoni. Mtu mzima akiingiwa na vumbi jichoni hulalamika siku nzima, lakini mtoto wa wiki moja hulia tu, na kilio chake huhesabiwa kuwa cha njaa au cha tumbo. Kwa hiyo yampasa mama ayatazame macho ya mwanawe kila siku amwogeshapo. Na baba vilevile, maana mara nyingi fedha za safari ya hospitali zimo mfukoni mwake.

Watoto wengi, katika miezi ya mwanzo, hutokwa na machozi mfululizo katika jicho moja, na asubuhi kope zimegandamana kidogo kwa matongo, ingawa jicho lenyewe ni jeupe wala halikuvimba. Sababu yake ni mfereji mwembamba upelekao machozi kutoka jichoni hadi puani, ambao haujafunguka bado. Hapo hapana haja ya hofu. Mama anawe mikono kwa sabuni, asafishe kope kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha akande polepole kwa ncha ya kidole penye pembe ya jicho, karibu na pua, akishusha kidole kuelekea chini. Katika watoto 10 wenye shida hiyo, kama 9 hupona kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Lakini yako matongo ya namna nyingine. Mtoto amezaliwa Jumatatu. Kufika Alhamisi macho yote mawili yamevimba hata hayafunguki, na usaha mzito wa manjano unachuruzika. Ugonjwa huo ameupata katika kuzaliwa, kwa vijidudu vya kisonono vilivyokuwa katika njia ya uzazi, ambavyo pengine mama hakujua kuwa anavyo, kwa sababu hakusikia maumivu yo yote. Vijidudu hivyo vyaweza kutoboa kioo cha jicho katika muda wa siku moja. Kungoja siku ya soko, au kungoja mvua ipungue njiani, ni kumpotezea mtoto macho yake. Apelekwe hospitali siku ile ile, apigwe sindano, na wazazi wote wawili watibiwe pamoja naye. Wako akina baba ambao wakilisikia jina la ugonjwa huu huanza kumshtaki mke. Shauri hilo na lingoje, jicho halingoji.

Zamani watoto wengi walipofuka kwa ugonjwa huu hata Ulaya. Mwaka 1880 daktari Mjerumani, Carl Credé, mkuu wa hospitali ya uzazi mjini Leipzig, alianza kumtilia kila mtoto aliyezaliwa tone la dawa itokanayo na madini ya fedha. Kabla ya hapo, katika kila watoto 100 kama 10 waliugua macho. Baada yake hawakufikia hata mmoja. Siku hizi hospitali nyingi hutumia marhamu ya tetrasaiklini badala ya dawa ile, nayo hupakwa katika macho yote mawili mara tu mtoto azaliwapo. Aliyezaliwa nyumbani huikosa, isipokuwa wazazi wampeleke upesi kwa mwuguzi.

Katika nchi kavu za Kenya, kama Turkana, Samburu, Baringo, Pokot Magharibi, Narok na Kajiado, adui wa macho aliyezoeleka ni trakoma, ambayo wengine huiita vikope. Huanza utotoni, kwa uvimbe mdogo mdogo kama punje upande wa ndani wa kope. Mtoto hupona, huambukizwa tena, hupona, huambukizwa tena. Baada ya miaka mingi kope hufanya makovu, hujikunja ndani, na nywele zake hukwaruza kioo cha jicho kila mtu apepesapo. Basi bibi mzee ang'olewaye nywele za kope kwa kibano alianza kuugua alipokuwa angali akibebwa mgongoni. Wanawake huumia kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio wakaao na watoto.

Ugonjwa huu hupita kwa vidole, kwa nguo na kwa nzi. Mahali penye ng'ombe wengi, nzi usoni pa mtoto huonekana kuwa jambo la kawaida, na watu hawajisumbui kumfukuza. Nzi apendaye sana macho huzaliana katika kinyesi cha watu kilichoachwa uwanjani. Ndiyo maana choo kilichochimbwa ni dawa ya macho, ijapokuwa hakiuzwi dukani. Kuosha uso nako si lazima kutumia maji mengi: kopo moja likimiminwa kwa uangalifu laosha watoto kadhaa, ila kila mmoja apanguswe kwa kitambaa chake. Wakati dawa ya azithromaisini inapogawiwa kijijini, yafaa wanywe watu wote wa nyumba, hata wasioumwa.

Mtoto ajikwaaye jioni, hali mchana huona vizuri, amepungukiwa na vitamini A. Hatari huzidi akishikwa na surua. Mayai, maini, mchicha, papai na viazi vitamu vya rangi ya machungwa humfaa, na kliniki hutoa matone ya vitamini hiyo kila miezi 6, tangu mtoto atimizapo miezi 6 mpaka miaka 5. Maji ya majani, mkojo na dawa za wachuuzi visitiwe jichoni kabisa.

Macho ya mtoto mchanga huweza kwenda upande mara kwa mara, nayo si kitu. Lakini makengeza yanayobaki baada ya miezi 4 yapasa kuonyeshwa kwa daktari, maana jicho lisilotumika husahau kuona. La kuogopwa zaidi ni mboni iliyo nyeupe, au inayong'aa kama jicho la paka gizani. Yaweza kuwa mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa kupasuliwa mapema. Yaweza pia kuwa saratani, ambayo huua isipotibiwa. Pengine huonekana kwanza katika picha, jicho moja likiwa jekundu na la pili jeupe. Mtoto wa namna hiyo aonwe na daktari wa macho wiki ile ile, hata kama anacheza na haumwi po pote.