Je, Wajua? Kodi, bajeti na vyuo vya ufundi vya Wisconsin

Je, wajua kwamba Marekani ina majimbo 50 lakini mabaraza ya kutunga sheria majimboni ni 99? Kila jimbo lina baraza la chini na Seneti, isipokuwa Nebraska, ambayo tangu 1937 inaendesha mambo yake kwa baraza moja tu.

Je, wajua kwamba mbunge wa jimbo la New Hampshire hulipwa dola 100 kwa mwaka? Kiwango hicho kimo katika katiba ya jimbo tangu 1889 na hakijaguswa. Baraza lao la chini peke yake lina viti 400.

Je, wajua kwamba majimbo 46 hufungua mwaka wa fedha Julai 1, siku ileile ambayo Kenya, Tanzania na Uganda hufungua wao? Yaliyobaki ni New York (Aprili 1), Texas (Septemba 1), Alabama na Michigan (Oktoba 1).

Na wajua kwa nini bajeti za majimbo huzua mabishano makali? Serikali kuu ya Washington inaweza kukopa mwaka baada ya mwaka ili kuziba nakisi. Majimbo yote, isipokuwa Vermont, yanabanwa na sheria au katiba zao kusawazisha bajeti. Kwa hiyo mbunge akiahidi nafuu ya kodi, ni lazima pengo litakalobaki lijazwe kwa fedha nyingine, au huduma fulani ikatwe.

Je, wajua kwamba mwaka 1911 bunge la Wisconsin lilipitisha kodi ya mapato na, katika kikao hichohicho, sheria ya elimu ya ufundi na sheria ya uanagenzi? Kodi ile ndiyo ya kwanza ya aina yake kuonekana kufanya kazi vizuri katika jimbo la Marekani, na wengine wakaiga. Mmoja wa waliosukuma elimu ya ufundi alikuwa Charles McCarthy, mkuu wa maktaba ya utafiti ya bunge hilo. Vijana waliokuwa wakifanya kazi viwandani walipewa haki ya kutoka kazini kwa saa chache kila wiki waende darasani. Kwangu mimi, hiki ni kikao cha kuigwa: wabunge walitafuta fedha, na papo hapo wakamfikiria kijana wa karakana. Serikali kuu ilikuja kuanza kuchangia elimu ya ufundi miaka 6 baadaye, kwa sheria ya Smith-Hughes ya 1917.

Leo Wisconsin ina vyuo 16 vya ufundi vya umma, vinavyofundisha uchomeleaji, umeme, ufundi magari, uuguzi na mengine mengi. Sehemu ya fedha zao hutoka katika kodi ya nyumba na ardhi. Mwaka 2014 gavana Scott Walker alitia saini sheria iliyopunguza kodi hiyo ya vyuo kwa dola milioni 406, na jimbo likabeba mzigo huo kutoka hazina yake. Mwenye nyumba alipata nafuu, na chuo hakikupoteza fedha hizo. Nafuu ya namna hii naiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu mbadala wake ulitajwa ndani ya sheria yenyewe.

Je, wajua kwamba gavana wa Wisconsin anaweza kufuta maneno na hata tarakimu katika mswada wa matumizi? Mwaka 2023 wabunge waliruhusu shule kuongeza mapato, yakiwemo ya kodi ya nyumba na ardhi, kwa dola 325 kwa kila mwanafunzi, kwa miaka miwili ya masomo, 2023-24 na 2024-25. Gavana Tony Evers akafuta baadhi ya maneno, kisha katika “2024-25” akafuta 20 na kistari. Kilichobaki kikasomeka 2425. Ruhusa ya miaka miwili ikawa ya miaka 400 zaidi! Aprili 2025 Mahakama Kuu ya jimbo iliiacha isimame, kwa kura 4 dhidi ya 3. Shule zinahitaji fedha, hilo halina ubishi. Ila kodi ya vizazi 10 na zaidi haifai kuamuliwa kwa kufuta kistari.

Wewe msomaji unayemiliki nyumba Wisconsin, bili ya kodi yako hufika Desemba. Itazame mstari kwa mstari: kaunti, mji, wilaya ya shule, chuo cha ufundi, kila mmoja na kiasi chake. Kisha hakikisha umepewa punguzo la kodi linalotokana na bahati nasibu ya jimbo, ambalo hutolewa kwa nyumba unayoishi mwenyewe. Kama halimo, peleka ombi. Ni haki yako kisheria.