Chinese Democracy: Albamu iliyongojwa hadi hamu ikaisha

NOVEMBA 23, 2008, kundi la muziki wa roki mzito la Marekani, Guns N' Roses, lilitoa Chinese Democracy, albamu yake ya kwanza ya nyimbo mpya tangu mwaka 1991. Mashabiki walikuwa wamesubiri miaka 17.

Katika wiki ya kwanza ziliuzwa nakala takriban 261,000 nchini Marekani, na albamu ikashika nafasi ya tatu katika chati ya Billboard. Kwa kundi jingine hiyo ingekuwa furaha. Lakini mwaka 1991, Use Your Illusion II ya kundi hilo hilo iliuza nakala takriban 770,000 katika kipindi kama hicho.

Kilichoumiza zaidi ni gharama. Gazeti la The New York Times liliripoti mwaka 2005 kuwa kazi hiyo ilikuwa imekwishameza dola milioni 13. Wakati huo mpiga gitaa Slash na mpiga besi Duff McKagan walikuwa wamejiondoa, na mwimbaji Axl Rose akawa akibadilisha wanamuziki na watayarishaji kila uchao. Mwaka 2008 kampuni ya soda ya Dr Pepper iliahidi kinywaji cha bure kwa karibu kila Mmarekani iwapo albamu ingetoka mwaka huo. Ikatoka.

Wachambuzi waligawanyika. Jarida la Rolling Stone liliipa nyota nne kati ya tano, huku wengine wakilalamika kuwa nyimbo zilirundikiwa ala na sauti hadi zikapoteza uhai.

Kibiashara, nchini Marekani nakala za madukani ziliuzwa na Best Buy pekee, naye Rose hakujitokeza sana kuipigia debe. Mwanzoni mwa 2009 ilitunukiwa hadhi ya platinamu, yaani nakala milioni moja. Hata hivyo, wakati huo hadhi hiyo ilihesabu hasa nakala zilizopelekwa dukani, si zile zilizobebwa na wateja.

Hali ilikuwa kinyume kwa albamu ya kwanza ya kundi hilo, Appetite for Destruction. Ilipotoka Julai 1987 wachache waliijali. Ilikwea polepole kwa nguvu ya maonyesho ya jukwaani na televisheni ya MTV, ikafika kileleni Agosti 1988. Marekani pekee imethibitishiwa nakala milioni 18.

Tofauti ni kwamba Appetite for Destruction ilipewa muda baada ya kutoka, ilhali Chinese Democracy ilimaliza muda wake kabla ya kufika sokoni. Wengi walihukumu miaka ya kungoja badala ya nyimbo zenyewe. Wahenga walisema, ngojangoja huumiza matumbo.

Slash na McKagan walirejea kundini mwaka 2016, na ziara iliyofuata ikaingiza zaidi ya dola milioni 500. Katika maonyesho hayo, baadhi ya nyimbo za Chinese Democracy zilipigwa na gitaa la Slash, ambaye hakushiriki kuzirekodi.