Mbinu Isiyo na Duka

Pasua bua la hindi lililodumaa katika shamba la Siaya au Homa Bay, magharibi mwa Kenya, na mara nyingi utakuta limetobolewa katikati na kujaa kinyesi kikavu cha rangi ya kahawia. Mwenye nyumba ni kiwavi mnene aitwaye bungua. Inama kidogo utazame shinani, huenda ukaona pia maua ya zambarau yanayopendeza macho. Hicho ni kiduha, ambacho Wajaluo hukiita kayongo: gugu linalojishikiza kwenye mizizi ya mahindi na kunyonya maji na chakula. Mche mmoja humwaga maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, nazo hukaa udongoni miaka na miaka zikisubiri hindi lipandwe. Kuling'oa gugu hilo hakusaidii sana, maana linapochomoza juu limeshanyonya vya kutosha huko chini.

Dawa ya maadui hawa wawili ipo, na si ya kupulizia. Miaka ya 1990 watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu chenye makao yake Nairobi, wakiongozwa na Zeyaur Khan katika kampasi ya Mbita kando ya Ziwa Victoria, walishirikiana na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, na watafiti wa kilimo wa Kenya kutengeneza mbinu iitwayo vuta-sukuma. Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, jamii ya mikunde inayotambaa. Pembezoni, kuzunguka shamba zima, unapanda mistari mitatu ya matete. Harufu ya desmodiamu humfukuza nondo anayetafuta pa kutagia; harufu ya matete humwita. Anataga huko, na viwavi wakianza kutoboa, matete hutoa utomvu unaonata, wengi wakafia humo.

Habari ya kiduha ilikuja kama nyongeza. Katika mashamba ya majaribio pale Mbita ilionekana kwamba penye desmodiamu gugu hilo linapungua mno. Uchunguzi ukaonyesha kuwa mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoiamsha mbegu ya kiduha, na nyingine zinazoizuia isishike mzizi wa hindi. Mbegu inaota, inakosa wa kumnyonya, inakufa. Juu ya hayo desmodiamu hurutubisha udongo kwa naitrojeni na kuufunika usikauke, na ng'ombe huila. Takwimu za icipe zinaonyesha mavuno yakipanda kutoka chini ya tani 1 kwa hekta hadi tani 3.5. Viwavijeshi vamizi walipoingia Afrika mwaka 2016, aina ya mbinu hii inayovumilia ukame, yenye nyasi za brakiaria badala ya matete, ilipimwa katika mashamba ya Kenya, Uganda na Tanzania, na idadi ya viwavi ikapungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Kwa nini basi haijaenea kila kijiji? Kwa maoni yangu, sababu kubwa ni kwamba haina muuzaji. Dawa ya chupa ina duka la pembejeo, ina tangazo redioni, ina kijana wa pikipiki anayeifikisha hadi mlangoni. Mpangilio wa mimea shambani hakuna anayepata faida kwa kuutangaza.

Ndiyo maana icipe ilitegemea sana wakulima waalimu, yaani jirani aliyefanikiwa akafundishwa kufundisha, pamoja na siku za wakulima na shamba darasa, mtindo ulioanzia kwenye mashamba ya mpunga ya Indonesia mwaka 1989. Redio na ujumbe wa simu vinafaa kumwambia mtu kwamba mbinu ipo. Havimwonyeshi mche wa desmodiamu wa wiki tatu, mwembamba, uliojificha kati ya magugu wakati wa palizi ya kwanza. Asiyewahi kuuona huufyeka pamoja na magugu, kisha husema mbinu imeshindwa. Jirani akisimama kando yake na jembe kwa nusu saa, kosa hilo halitokei.

Mbegu nayo ni kikwazo cha kweli. Mbegu ya desmodiamu ni ghali, na kuivuna ni kazi ya subira kwa sababu maganda yake hunata kwenye nguo na vidole. Wengi hukwepa gharama kwa kukata vikonyo kwa jirani na kuvipandikiza mvua ikiwa imekolea. Kwa hiyo mbegu na elimu hutoka kwenye ua uleule, jambo ambalo mipango mingi ya ugani huisahau inapogawa vipeperushi.

Mwenye ng'ombe au mbuzi hushawishika haraka, kwa kuwa malisho anayaona kabla hata ya kupima mahindi. Asiye na mifugo ana haki ya kusitasita, isipokuwa kama kuna soko la majani karibu. Lakini anayepata shida kuliko wote ni anayekodi shamba kwa msimu. Desmodiamu hukaa shambani miaka kadhaa, na jasho kubwa la palizi ni la mwaka wa kwanza. Nani atalitoa kwa ardhi atakayonyang'anywa baada ya mavuno? Kikundi kinachotaka kuanza, hasa cha wanawake wanaolima kwa kukodi, kimwite kwanza mwenye shamba mbele ya mzee wa kijiji, waandikiane miaka mitatu, ndipo watafute vikonyo.