Je, Wajua? Barua za Waandishi wa Uingereza

Je, wajua kwamba hakuna hata barua moja iliyobaki ya mkono wa William Shakespeare? Zimebaki sahihi sita tu ambazo wataalamu wengi wanazikubali, zote kwenye hati za kisheria. Ipo barua moja aliyoandikiwa yeye: Richard Quiney alimwandikia mwaka 1598 akiomba mkopo. Inaelekea haikutumwa kamwe, maana ilikutwa katika makaratasi ya Quiney mwenyewe.

Je, wajua ni nani aliyeteketeza barua nyingi za Jane Austen? Ni Cassandra, dada yake kipenzi. Katika miaka ya 1840 alichoma nyingi, na nyingine akazikata sehemu alizotaka zisisomwe. Zilizobaki ni kama 160 tu. Fungu kubwa kuliko yote liko Maktaba ya Morgan, New York.

Charles Dickens naye, Septemba 1860, aliwasha moto nyuma ya nyumba yake ya Gad's Hill na kuteketeza barua alizoandikiwa kwa miaka mingi. Watoto wake wakachoma vitunguu kwenye majivu yake! Heri waliopokea za kwake walizitunza: zaidi ya 14,000 zimechapishwa, katika juzuu 12.

Je, wajua kwamba mkasi nao umetuharibia mengi? Charlotte Brontë alipofariki mwaka 1855, mashabiki walimwandikia baba yake, Patrick, wakiomba kumbukumbu ya mwandiko wake. Mzee wa watu akawa anakata barua za binti yake vipande vidogo na kumgawia kila aliyeomba. Alifanya kwa ukarimu, lakini inauma. Mtu anapata mistari mitatu bila kujua kilichotangulia wala kilichofuata. Ndiyo maana barua nzima yenye tarehe na sahihi huthaminiwa kuliko sahihi iliyokatwa, na ukiikuta barua ya zamani kwenye sanduku la babu, tafadhali usiiguse kwa mkasi.

Charlotte huyohuyo alimwandikia Constantin Heger, mwalimu wake wa Brussels aliyempenda naye ana mke. Barua zilichanwa, kisha mke wa Heger akaviunganisha vipande kwa uzi na kuviweka. Zimebaki nne. Watoto wa Heger walizitoa mwaka 1913, na leo ziko Maktaba ya Uingereza, London, mishono ikionekana wazi katikati ya maneno ya mapenzi.

Je, wajua kwa nini barua nyingi za kabla ya 1840 zina tundu pembeni? Nauli ilihesabiwa kwa idadi ya karatasi, na kwa kawaida mpokeaji ndiye aliyelipa. Bahasha ingekuwa karatasi ya ziada, basi watu waliikunja barua yenyewe na kuifunga kwa lakiri. Kuifungua kulinyofoa kipande cha karatasi, pengine na neno juu yake. Wengine walijaza ukurasa, wakaugeuza ubavu, kisha wakaandika tena juu ya mistari ya kwanza. Barua ya posta ya wakati huo isiyo na alama ya mkunjo inafaa kutiliwa shaka.

Na waghushi hawakukosa. Mwaka 1852 mchapishaji Edward Moxon alitoa kitabu cha barua za Shelley, dibaji ikiwa ya mshairi Robert Browning. Francis Palgrave akatambua kwamba sehemu ya barua mojawapo ilinakiliwa kutoka makala ya baba yake mzazi. Barua zilikuwa za kughushi, na kitabu kikaondolewa sokoni.

Tahadhari na Byron pia. Barua yake ya Aprili 1819 kwa mhariri wa gazeti la Galignani, Paris, ilichapwa kwa kuigiza mwandiko wake na kuwekwa ndani ya vitabu. Hadi leo wapo wanaoipata wakidhani ni ya asili.

Je, wajua kwamba anayenunua barua mnadani hununua karatasi tu? Tangu kesi ya Pope dhidi ya Curll, mwaka 1741, sheria ya Uingereza inasema maneno hubaki ya aliyeyaandika. Kwa barua za waandishi wa kale ambazo hazikuwa zimechapishwa kufikia Agosti 1989, haki hiyo inaendelea hadi mwisho wa 2039, hata kama mwandishi alizikwa karne ya 18.