UZI: Sukari inapimwa, mawazo je?

1/ Kwa midahalo tunaahidiwa hospitali za akili na madaktari zaidi. Sawa. Lakini mgonjwa wa kisukari au presha, yule anamuona kila mwezi ni muuguzi wa kliniki. Huyo amefunzwa nini kuhusu akili?

2/ Shangazi yangu ana kisukari. Kliniki anapimwa, anapewa dawa, anarudi nyumbani. Alipoacha kumeza dawa aliitwa mkaidi. Hakuna aliyemuuliza analalaje. Kumbe alikuwa amekata tamaa kitambo.

3/ Si lazima kila muuguzi arudi chuo. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa mhGAP tangu 2008, wa kufunza wahudumu wasio wataalamu wa akili. Na kuna maswali 2 ya kuanzia: wiki 2 zilizopita umekosa hamu ya kufanya mambo? Umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Majibu yakitia wasiwasi, anachunguzwa zaidi.

4/ Nani agharamie? Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti hospitali na vituo vyao vya afya. Serikali ya kitaifa ina sera ya afya na kuzijengea kaunti uwezo. Hapo ndipo wanasukumiana.

5/ Kwa hivyo anayetaka ugavana muulize: pesa za mafunzo ziko wapi kwa bajeti, na wauguzi watatolewa kazini lini? Anayetaka kiti cha kitaifa muulize atasaidia kaunti vipi. "Tutaangazia afya ya akili" si jibu.